Kisu cha Mbao

Jioni moja ya baridi, tulipokuwa tumekusanyika watu sita katika chumba cha kukodi huku Fordsburg, mjini Johannesburg, tukifanya mazoezi ya Juliasi Kaizari kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, alituingilia mzee mmoja wa Kipemba ambaye sote twamheshimu kwa elimu yake na kwa uchache wa maneno yake, akaketi kando ya mlango, akanitazama mimi, niliyepewa nafasi ya Brutus, nikimchoma rafiki yangu kwa kisu cha mbao, na tulipopumzika kunywa chai akaniuliza: "Mwanangu, mauaji haya unayoyacheza kila wiki, malaika wa bega la kushoto anakuandikia nini?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza, kwa kuwa swali hilo ni kongwe, na lilipata kuwashughulisha sana Waingereza wa zama za Malkia Elizabeth, aliyetawala tangu 1558 hata 1603. Mwaka 1579 Stephen Gosson, ambaye hapo kabla alikuwa yeye mwenyewe akitunga tamthilia, alitoa kitabu cha kuwashutumu watungaji na wachezaji, akakitunuku kwa Philip Sidney bila ya kutaka idhini yake. Naye Sidney aliandika utetezi wa ushairi, uliochapwa 1595 hali yeye amekwisha kufariki, wenye hoja ambayo kwa miaka mingi nimeihesabu kuwa ngao isiyopenyeka: kwamba mtungaji hadai kuwa alisemalo limetukia, na asiyedai hawezi kuwa mwongo.

Hata hivyo walioshutumu hawakukosa hoja. Sheria za mavazi ziliwaharimishia watu wa chini mahameli na hariri za mabwana, lakini mwana wa fundi alipanda jukwaani alasiri amevaa joho la mfalme, na kijana asiyeota ndevu akavaa gauni la malkia. Na sheria ya 1572 iliwatia wachezaji wasio na bwana wa kuwadhamini katika fungu moja na wazururaji. Nadhani joho ndilo lililowatia hofu kuliko maneno, maana mtu akiweza kuwa mfalme kwa kuvaa tu, yamkini na mfalme mwenyewe ni vazi.

Basi nikamjibu mzee kwa hoja ya Sidney, nikaongeza langu, kwamba uongo ni hadaa, na hadaa haina budi kufichwa, ilhali sisi hatukuficha kitu: kisu ni cha mbao, na Kaizari akisha kufa huinuka akadai chai yake. Mzee akatabasamu. "Hiyo ni hoja ya ulimi," akasema. "Mimi nimekuuliza habari ya mkono."

Kutoka chumba kile hata Market Theatre, pale Newtown, si mwendo mrefu. Jengo lile lilikuwa soko la matunda la Wahindi kabla Barney Simon na Mannie Manim hawajalifungua kuwa ukumbi wa michezo mwaka 1976, wakikalisha watu wa rangi zote pamoja katika nchi ambayo sheria yake ililikataa jambo hilo. Hapo ndipo Janet Suzman, mzaliwa wa mji huu, alipoionyesha Othello mwaka 1987, John Kani akiwa Othello na Joanna Weinberg akiwa Desdemona. (Wapenda hesabu watanirudi kwamba tamthilia hiyo ilichezwa baada ya Malkia kufa, wana haki, lakini sitaiacha kwa ajili ya mwaka mmoja.) Sheria zilizoharimisha ndoa na mapenzi baina ya Wazungu na wasio Wazungu zilikuwa zimefutwa miaka miwili tu nyuma, na ile iliyomwandikisha kila mtu chini ya rangi yake ilikuwa ingali hai. Suzman amesimulia kwamba wale wawili walipobusiana, baadhi ya watazamaji Wazungu waliinuka wakatoka.

Hapo ngao yangu ilitoboka. Ikiwa jukwaa halidai kitu, watu wale walimkimbia nani? Hawakumkimbia jemadari wa Venisi, kwani huyo hakuwapo. Walikimbia midomo ya Kani, mzaliwa wa New Brighton, ambayo ilibusu kweli, kwa kuwa mwili haujui kuiga kubusu bila ya kubusu. Mapenzi yalikuwa ya kubuni, kitendo hakikuwa. Na nikiikubali hoja hii kwa busu, kwa kuwa inanipendeza na kwa kuwa ilizifedhehesha sheria ovu, sina njia ya kuikataa kwa kisu: nguvu ninayoiita begani kila wiki ili nimchome rafiki yangu ni nguvu yangu, na hasira ninayoitafuta huwa naikuta.

Wiki iliyofuata nilimweleza mzee haya yote, tena kwa urefu, nikitaraji kwamba atanikataza. Alinyamaza kitambo, akapangusa miwani yake, kisha akauliza maonyesho yenyewe ni lini, na kama tutamwekea kiti cha mbele, kwa maana masikio yake siku hizi ni mazito.