MSAMAHA WA MTAWALA NA MIPAKA YAKE

 

Katika siku za kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mtukufu wa Makuraishi, aliiba. Watu wake wakaingiwa na hamu kubwa, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), akamwombee. Usama aliponena, uso wa Mtume ulibadilika. Akasimama akawaeleza watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa hili: mtukufu akiiba humwacha, mnyonge akiiba humwadhibu; akaapa kuwa hata Fatima bintiye, lau angaliiba, asingaliachwa.

Wala si kwamba sharia haijui msamaha. Safwan bin Umayya alipoibiwa nguo yake alimpeleka mwizi kwa Mtume. Hukumu ilipotoka akamwonea huruma, akasema amemsamehe. Akaulizwa kwa nini hakusamehe kabla ya kumleta. Na mwenye kuua, wenye kusamehe ni warithi wa aliyeuawa, si Sultani. Nafasi ya mtawala imo katika taazir, akiona maslaha.

Huko Marekani, Rais amepewa na katiba yao uwezo wa kusamehe makosa yote ya serikali kuu, ila la afisa aliyeshitakiwa na Bunge. Uwezo huu ulipata kufanya kazi njema. Sheria yao ya 1986 ilimfunga miaka 5 kwa uchache aliyekamatwa akiuza gramu 5 za kokeini ya mawe. Wa kokeini ya unga hakuipata adhabu hiyo mpaka zifike gramu 500. Nayo ni dawa moja! Na wengi waliofungwa kwa ile ya mawe walikuwa watu weusi. Mwaka 2010 mia kwa moja ikapunguzwa ikawa kumi na nane kwa moja, wala waliokwisha hukumiwa hawakufaidika. Rais Obama akawapunguzia vifungo watu 1,715, wengi wao wa dawa za kulevya. Hapo msamaha uliziba ufa wa sheria.

Lakini tarehe 1 Desemba 2024 Rais Biden alimsamehe mwanawe mwenyewe, naye alikuwa amesema hatamsamehe. Na tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akawasamehe watu kama 1,500 wa fitina ya 6 Januari 2021 katika jumba la Bunge, na miongoni mwao waliothibitika kuwapiga askari. Mmoja alitazama damu yake, wa pili alitazama wafuasi wake. Na pigo lile lilikuwa la askari kulisamehe.

Ama yule mwanamke wa Makhzum, baada ya hukumu kupita alitubu toba njema, akaolewa. Akawa huja nyumbani kwa Bibi Aisha, naye humfikishia Mtume haja zake.