Daka ni la Nani?

Nyumba ya kale ya mawe pale Lamu huuonyesha mtaa ukuta mtupu. Mapambo yake, zidaka na nakshi za chokaa, yamewekwa ndani, katika vyumba waingiamo jamaa tu. Hata upana wa vyumba hivyo haukuwa wa hiari: boriti za mikoko ndizo zilizoamua, ndiyo maana ni virefu na vyembamba, havifiki sana zaidi ya mita 3. Lakini mlangoni, upande wa nje, mjenzi aliacha daka, kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku.

Hapo ndipo panaponitatiza. Daka limejengwa kwa mawe na chokaa ya mwenye nyumba, na mpita njia hulikalia kukimbia jua bila ya kupiga hodi. Je, aliyeinunua nyumba ana haki ya kulitia geti la chuma? Hati yake itasema anayo.

Wako wasemao kwamba desturi si deni. Mimi nasema ni deni, ila halidaiwi mahakamani. Mtaa ulikubali kutochungulia ndani, na mwenye nyumba akautolea mtaa kivuli. Hayo yalikuwa mapatano. (Sikatai kwamba wengine huketi pale kusengenya tu, na kutema tambuu.) UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini hakuna orodha imfundishayo mtu kusogea ili mwenziwe aketi. Na daka likifungwa, ukuta uliokuwa staha hugeuka kiburi, na watoto wa jirani huanza kuulizana kuna nini humo.