Binti wa Fremu ya Madera

Kisa hiki nimekitunga, ila hakina dalili hata moja isiyowapata watu kweli.

Binti wa miaka 21 alikuwa akiuza madera kwenye fremu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alianza kuumwa kichwa na homa, akameza dawa za malaria. Wiki iliyofuata hakulala. Akaongea peke yake, akawatuhumu wateja kuwa wametumwa wammalize. Majirani wa fremu wakahukumu palepale: “Huyu si bure, katupiwa jini.” Shangazi yake akampeleka kwa mganga. Akafukizwa, akanyweshwa kombe, akafungwa mikono. Mdomo ukaanza kutafuna bila chakula, kisha kifafa kikamwangusha. Wakasema jini linapanda. Wiki tano zikaenda hivyo, na Hospitali ya Muhimbili iko jirani tu, pale Upanga.

Alifikishwa huko pumzi zikimwishia. Maji ya uti wa mgongo yakapimwa, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari.

Halikuwa jini, bali ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 2007 na daktari Josep Dalmau na wenzake, kutokana na wanawake 12. Wote walikuwa na uvimbe uitwao teratoma, 11 kati yao kwenye ovari. Teratoma huweza kuota nywele, meno, hata chembe zinazofanana na za ubongo. Kinga ya mwili ikiushambulia uvimbe huo, hushindwa kutofautisha, ikaugeukia ubongo wa mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi teratoma si saratani, lakini zipo saratani, hasa ya mapafu, zinazoleta maradhi ya jamii hiyohiyo. Wapo pia wanaougua bila uvimbe wowote.

Na unatibika! Uvimbe hukatwa, mgonjwa akapewa steroidi na dawa nyingine za kutuliza kinga. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia wagonjwa 577 ulionyesha kuwa takriban 8 kati ya 10 walipata nafuu kubwa ndani ya miaka miwili, na waliowahi matibabu walipona vizuri zaidi. Binti wetu alipona, ila hadi leo hesabu za duka anafanyiwa na mdogo wake. Kwangu mimi, zile wiki tano ndizo zilizomponza.

Ndugu msomaji, kijana asiyewahi kuugua akili akibadilika ghafla, hasa akianguka kifafa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dua asomewe akiwa wodini. Na akiwa mwanamke, muulize daktari kama ovari zake zimepimwa.