Spiriti Ipakwayo Ngozini na Katazo la Pombe

Katika Wilaya ya Mwanga, tangu milima ya Usangi na Ugweno mpaka tambarare za Nyumba ya Mungu, Waislamu na Wakristo hukaa pamoja, na pombe ya miwa iitwayo dengelua yajulikana tangu zama za mababu. Mtu anayesilimu mahali kama hapo huiacha pombe mbele ya jamaa zake, na pengine kwa kuchekwa. Basi si ajabu kwamba aendapo kudungwa sindano, na muuguzi akampaka pamba yenye spiriti, moyo wake huuliza: Je, nilichokikataa kinywani nitakikubali mkononi? Swali hili lisidharauliwe, maana limetoka katika kumcha Mungu.

Kwanza tuitazame hoja ya wanaokataa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. juu ya kutengeneza mvinyo kwa ajili ya dawa, naye akajibiwa kwamba huo si dawa bali ni ugonjwa. Tena wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika nchi zetu, wameuhesabu mvinyo kuwa najisi.

Lakini, ndugu msomaji, tufikiri. Aliyeuliza aliuliza habari za kinywaji. Kurani Tukufu (5:91-92) imeitaja pombe pamoja na kamari, masanamu na mishale ya kupigia ramli, ikayaita yote uchafu. Kisha ikaeleza kwamba kwa pombe na kamari shetani hutia uadui baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mungu wala kusali. Sasa, mshale wa ramli ukiguswa hauuchafui mkono. Uchafu wake umo katika tendo. Vivyo hivyo ubaya wa pombe umo katika kulevya. Spiriti ya hospitali haikutengenezwa inywewe, nayo hukauka ngozini upesi bila kuigusa akili ya mtu. Nchini Saudi Arabia kwenyewe hospitali zimehimizwa tangu mwaka 2003 kutumia dawa ya alkoholi kusafishia mikono ya wauguzi.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba jambo ni halali. Yapasa litendwe kwa haki. Ngozi ina vijidudu visivyoonekana, na sindano yaweza kuviingiza mwilini. Alkoholi huviua kwa kuziharibu protini zao, na kazi hiyo huhitaji maji. Ndiyo sababu ile ya asilimia 60 mpaka 70 hufaa kuliko iliyo karibu kuwa tupu. Ngozi yenye udongo ioshwe kwanza kwa sabuni na maji. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mahali pa kudunga pafutwe kwa sekunde 30, kutoka katikati kwenda nje, kisha paachwe sekunde 30 pakauke penyewe, wala pasiguswe tena. Pamba zisilowekwe mapema katika kopo moja, kwani zaweza kuingiwa na vijidudu. Katika upasuaji, spiriti isiyokauka yaweza hata kushika moto kwa cheche za vyombo vya umeme. Tena si kila sindano huihitaji: kwa chanjo, ngozi iliyo safi yatosha. Basi mwenye shaka na aulize, asiyakimbie matibabu.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye dini. Mgonjwa aliyenyoosha mkono wake hawezi kuona kama vijidudu vimekufa, amemwamini muuguzi. Anayezipunguza sekunde hizo kwa kuwa watu ni wengi mlangoni ameipunguza amana, ingawa hakuna aliyemwona. Naye mgonjwa anayekataa kusafishwa kabla ya kupasuliwa, akidhani anailinda imani yake, na akumbuke kwamba Kurani Tukufu imetukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu (2:196). Na mwenye kuichukua spiriti ile ile akainywa amerudi katika haramu, tena amejihatarisha, kwani spiriti nyingine hutiwa methanoli, sumu iwezayo kupofusha macho na kuua.

Kwa hiyo ndugu aliyeiacha dengelua kwa ajili ya Mungu asihuzunike anapopakwa spiriti. Ahadi yake haikuvunjika. Mwenyezi Mungu atujalie kuzifahamu amri Zake pamoja na hekima zake, na awape waganga na wauguzi wetu moyo wa kuilinda amana. Amin.