Digrii Ilikatika, Stima Bado Inawaka

Watu huniuliza kwa nini niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa tatu. Jibu ni fupi: karo. Swali linaloninyima usingizi ni lingine: mtu mwenye nusu ya elimu anadaiwa nini na majirani zake?

Kenya kozi hii ni miaka mitano. Mwanzoni ni hesabu na fizikia tupu. Baadaye unaambiwa kuna namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja, na kwamba inarahisisha hesabu za stima inayogeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Unacheka. Siku moja unaielewa, na ukishaielewa, hakuna ofisi inayoweza kukunyang'anya.

Shida inaanzia hapo. Mtaani kwetu stima nyingi ni ya sambaza. Jirani anaona balbu imewaka, analala. Mimi naona volti 240, waya mwembamba uliobebeshwa koili ya kupikia, maungio yamefungwa kwa juala, na hakuna waya wa kwenda ardhini. Najua miliampia 30 tu zikipita mwilini kwa muda zinaweza kuua, na balbu ya kizamani ya wati 100 hupitisha zaidi ya mara kumi ya hizo.

Sheria inasema bila leseni usifunge nyaya za watu. Naikubali, maana stima haisamehi kubahatisha. Lakini wapo wanaosema: huna cheti, basi nyamaza. Hapo nakataa. Cheti kinakuruhusu kushika koleo. Macho huhitaji kuombea ruhusa.

Tatizo ni kwamba kusema ni rahisi mno. Nilimwambia mama mmoja wa ploti yetu, "Mathe, usipikie hapo, huo waya utashika moto." Akaniuliza, "Na watoto wale nini?" Hesabu zangu zote hazikuwa na jibu. Onyo lisilo na njia ya kutokea linamwachia maskini hofu juu ya njaa.

Kwa hivyo naamini anayejua anadaiwa zaidi ya onyo. Anadaiwa kutembea: kumtafuta fundi mwenye leseni, kuchangisha ploti, kumsumbua landilodi hadi achoke. Kazi hiyo haihitaji digrii.

HELB wanajua ninachodaiwa hadi shilingi ya mwisho. Deni hili lingine halitumiwi kwa SMS. Nalikumbuka kila nikisikia harufu ya plastiki ikiungua.