Kutu Chini ya Rangi

Swali ninalotaka kulijadili hapa ni hili: mtu atengenezapo kitu cha kale kilichochakaa, ana ruhusa ya kubadili kiasi gani, na ana wajibu wa kusema nini juu ya yale aliyoyabadili? Laweza kuulizwa juu ya msikiti wa kale, juu ya mswada ulioliwa na mchwa, au juu ya katiba. Mimi nitaliuliza juu ya motokaa, kwa sababu motokaa haina huruma kwa mwenye nadharia. Akosaye katika nadharia ya ushairi hupingwa na mwenzake baada ya mwaka mmoja au miwili. Akosaye katika breki hupingwa papo hapo na mwembe wa kando ya njia.

Ili maneno yasielee hewani, natwaa mfano wa Peugeot 404, motokaa iliyoanza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na ambayo watu wazima wa Afrika ya Mashariki hawana haja ya kuelezwa. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ilikuwa teksi, ilikuwa gari la daktari, na ile ya pikapu ilibeba ndizi na watu pamoja. Zilizosalia leo zimekuwa vitu vya mapenzi. Mtu huinunua moja ikiwa imelala juu ya matofali nyuma ya gereji, akakusudia kuirudishia uhai.

Uhai huo una sehemu mbili, injini na bodi, na maadili ya kutengeneza sehemu hizi hayafanani hata kidogo. Tuanze na injini. Ile ya 404 ina silinda nne, nayo imelazwa kwa mshazari wa nyuzi 45 ili ienee chini ya boneti. Kuta za silinda zake hazikuchongwa katika chuma cha injini yenyewe. Kila moja ni mwanzi wa chuma uliozungukwa na maji, ambao mafundi huuita slivu, nao waweza kuchomolewa na kutiwa mwingine. Maana yake ni kwamba aliyeibuni alikwisha kukiri tangu mwanzo kwamba kazi yake itachakaa. Sijui kama waandishi wote wa vitabu wana unyenyekevu huo.

Fundi mwenye adabu, afunguapo injini ya namna hii, hutia alama kila kitu kabla hajakiondoa. Kifuniko cha beringi ya kwanza lazima kirudi mahali pa kwanza, na kwa upande ule ule, kwa kuwa kilichongwa pamoja na mwenzake wala hakikubali jirani mwingine. Kisha hupima. Shafti ya kranki hupimwa kwa mikromita mahali pengi, maana yaweza kuwa duara upande mmoja na yai upande wa pili. Ikiwa imeliwa, husagwa tena na kutiwa beringi nene zaidi kufidia kilichoondoka. Slivu nazo hazina budi kuchomoza juu ya uso wa injini kwa kadiri ya sehemu chache za mia za milimita, ili gasketi ibanwe sawasawa. Katika hesabu hizi hapana nafasi ya kubembeleza. Slivu ikikaa chini kupita kiasi, maji yataingia katika oili. Ringi zikilegea, moshi wa buluu utawatangazia majirani. Beringi ikikosewa, injini itagonga, na mwenye gari atarudi gerejini kabla juma halijakwisha. Injini ni hakimu mkali lakini mwenye haki: hukumu yake haichelewi, na aghalabu humwangukia yule yule aliyetenda.

Bodi ni hakimu wa namna nyingine. Huipokea rushwa, na hukumu yake ikija baadaye, humwangukia asiyehusika.

Yafaa tufahamu kutu ni nini. Chuma kikutanapo na maji na hewa hubadilika kuwa kitu kingine, na katika miji yetu ya pwani chumvi ya bahari huiharakisha kazi hiyo. Alumini nayo hupata utando wake, lakini utando ule huikinga. Kutu ya chuma haina wema huo. Huvimba ikachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na kwa uvimbe wake hupanua maungio na kuinua rangi, na maji zaidi yakapata njia. Tena huanzia ndani, katika mapango ya bati ambamo tope na unyevu hukaa bila kuonekana: chini ya sakafu, ndani ya vizingiti vya milango, nyuma ya taa. Hufanya kazi kama mchwa katika nguzo. Siku mwenye gari aonapo kipele kidogo juu ya rangi, nyuma yake mara nyingi bati limekwisha kuwa chujio.

Sasa 404, kama magari mengi ya wakati wake na karibu yote madogo ya baada yake, haina fremu ya chuma chini yake. Bati lake ndilo mifupa yake. Kizingiti cha mlango, ambacho mnunuzi hukitazama kama pambo, ni mmoja wa mihimili inayolizuia gari lisijikunje kati. Sakafu ndiyo inayoshika viti. Kwa hiyo tusemapo kutu ni ugonjwa wa ngozi tunajidanganya. Ni ugonjwa wa mifupa.

Kuna njia mbili za kuutibu. Ya kwanza ni kukata bati mpaka ufike penye chuma cheupe kisicho na shaka, hata kama tundu la ukubwa wa sarafu litakuwa dirisha la kupitisha kichwa. Huchongwa kiraka cha bati la unene ule ule, kikachomelewa kidogo hapa na kidogo pale ili moto usilipinde, kikasagwa, kikapakwa rangi ya zinki, na mapango yake yakanyunyiziwa nta. Ni kazi ya majuma. Njia ya pili ni kujaza tundu kwa pati, kulisugua kwa msasa likawa laini kama shavu la mtoto, na kulipiga rangi. Hii ni kazi ya siku mbili. Gari mbili hizi zikiwekwa sokoni pamoja, jicho haliwezi kuzitenga. Sumaku yaweza, kwa kuwa haing'ang'anii pati, ndiyo maana wanunuzi wazoefu huja nayo mfukoni imefungwa kitambaa.

Mtu atauliza: ubaya uko wapi? Mwenye teksi ana watoto wa kulisha. Hana fedha za majuma ya kuchomelea, anazo za pati. Hoja hii naiheshimu, wala sioni kwamba pati ni dhambi. Kiraka ni kiraka, na maskini ana haki ya kiraka katika gari kama katika shati. Lakini shati lenye kiraka halimwambii mtu kuwa ni jipya. Methali yetu ya ufa na ukuta imewahimiza watu wazibe; haikuwaambia wazibe kwa kitu gani, na nadhani wengi wameshukuru kimya hicho. Kosa linaanza pale mwenye gari anapoliuza na kunyamaza, maana tangu hapo atakayeketi juu ya sakafu ile hakushauriwa juu ya hatari yake. Husemwa mnunuzi ana macho yake. Hakika anayo, na rangi ilipigwa makusudi ili yasione.

Ajabu ni kwamba soko letu humsifu anyamazaye na kumshuku asemaye. Dalali akitaka kulipamba gari husema injini yake "haijafunguliwa," kana kwamba kufunguliwa ni kupoteza ubikira. Ningependelea injini iliyofunguliwa na mtu aliyeandika vipimo vyake kuliko ile isiyofunguliwa ambayo hakuna ajuaye hali ya beringi zake.

Upande wa pili wako wapenzi wa kale wenye itikadi kali, ambao kwao kila bati jipya ni hasara ya ukweli. Wao huuliza: ukibadili slivu, pistoni, sakafu na vizingiti, kilichobaki ni gari lile? Swali ni la zamani. Plutarch aliwataja Waathene waliohifadhi merikebu ya Theseus kwa kubadili mbao zake moja moja, na wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile. Pwani yetu isingelipata usingizi kwa ubishi huo: mitepe ilishonwa kwa kamba za kumbi, kamba zikioza ikashonwa tena, wala nahodha hakuwa na shaka amepanda chombo gani.

Lakini swali hili liliwahi kufika mahakamani, na kwa fedha nyingi. Bentley iliyoitwa "Old Number One" ilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Iliendelea kushindana ikibadilishwa kila mara, na mwaka 1932 ilipaa juu ya ukingo wa uwanja wa Brooklands ikamwua dereva wake, Clive Dunfee. Ikajengwa tena, ikapewa mwili mwingine. Mwaka 1990 mwenyewe alikubaliana kuiuza kwa pauni milioni 10. Mnunuzi akageuka, akidai kwamba hiyo si gari yenyewe. Jaji Otton wa Mahakama Kuu ya Uingereza alikiri kwamba chuma kilichosalia kutoka gari la 1929 kilikuwa kidogo mno. Hata hivyo akampa muuzaji ushindi, kwa kuwa historia yake ilikuwa mfululizo usiokatika, wala hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina lile.

Naona hukumu hiyo ilikuwa sahihi, lakini tutazame ilisimama juu ya nini. Ilisimama juu ya kujulikana. Mabadiliko yale yaliweza kufuatwa, mwaka kwa mwaka. Lau yangefichwa, mfululizo ule usingeonekana, na jaji angebaki na lundo la chuma lenye jina. Mfano wa kinyume chake upo: kibao cha namba ya chasi kikitolewa katika gari lililokufa na kubandikwa katika jingine. Hapo huenda kila bati likawa zima, na gari zima likawa uongo.

Kwa hiyo naafikiana na mkataba wa Torino, uliopitishwa na shirikisho la dunia la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012, unaotaka matengenezo yaandikwe na sehemu mpya zitiwe alama. Sisi tusomao miswada tunaijua desturi hiyo. Mhariri akikuta ubeti ulioliwa na wadudu, yu huru kukisia neno lililopotea, maadam atalitia katika mabano. Akiliandika kama kwamba lilikuwapo, amempora mshairi na msomaji kwa pamoja.

Bati halina mabano. Lakini kabla ya kukifunga kizingiti, fundi aweza kugonga kwa msumari, upande wa ndani, mwaka na alama yake. Rangi itapigwa na gari litang'aa, wala hakuna atakayeyaona maandishi yale mpaka kutu itakapolifungua bati tena, mbele ya macho ya fundi mwingine.