Mchango wa Msimbo na Dhamana ya Mtoaji

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maelekezo yanayoandikwa ili kompyuta iyatekeleze, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuubadilisha na kuugawa, na leseni zake kwa kawaida hutamka kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Tamko hilo humkinga mchangiaji asishtakiwe na mtu ambaye hakumlipa hata senti, lakini linaacha swali ambalo dini na falsafa ya maadili haziwezi kuliepa: je, aliyetoa bure huachana na alichokitoa pindi kinapopokewa?

Mjini Eldoret, nchini Kenya, swali hili linagusa uhai wa watu. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa kwa kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, na mwaka huohuo ukaasisiwa AMPATH, mpango wa kuwatibu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kwa ushirikiano na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Wagonjwa walipoongezeka, mfumo ule wa awali ulielemewa. Ndipo mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis na wa shirika la Partners In Health walipoanza kujenga OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za matibabu, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na baadaye ukaenea katika nchi nyingi.

Katika mfumo huo, mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe ya kukadiria, na alama maalumu huonyesha kwamba ni makadirio. Taarifa iliyoingizwa kimakosa nayo kwa kawaida haifutwi bali hutanguliwa, yaani huondolewa katika matumizi huku ikibaki kwenye kumbukumbu pamoja na jina la aliyeitangua, siku na sababu. Mchangiaji aliye mbali akibadilisha mstari mmoja unaokokotoa umri, na kosa lake likawapita wahakiki, mtoto aliyeletwa kliniki anaweza kuonekana na umri usio wake, na ratiba ya chanjo zake ikavurugika.

Mapokeo ya dini hayamwachi huru mtu kwa sababu tu hakupokea malipo. Sheria ya Musa katika Kitabu cha Kutoka humdai fidia aliyechimba shimo na kuliacha wazi, mnyama wa mwingine akatumbukia, bila kuuliza shimo lilichimbwa kwa nia gani. Katika Uislamu, Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud humbebesha dhamana anayejitia kutibu bila kujulikana kuwa na ujuzi wa tiba. Mafundisho yote mawili yanatenganisha wema wa nia na uangalifu wa kazi: nia njema humpa mtu thawabu, lakini haimwondolei wajibu wa kujua anachokifanya.

Hata hivyo, kuna pingamizi lenye nguvu. Iwapo kila mchangiaji atabeba lawama ya kila dhara litakalotokea popote na wakati wowote, hakuna mwenye busara atakayethubutu kuchangia, na hospitali zisizoweza kununua mifumo ya bei kubwa ndizo zitakazopata hasara. Tena msimbo haupiti mikononi mwa mtu mmoja, kwa kuwa wahakiki huusoma kabla haujaunganishwa na mradi, na hospitali nayo hupaswa kuujaribu kabla ya kuutegemea.

Wingi huo wa mikono, badala ya kuumaliza wajibu, huugeuza kuwa kile ambacho wanazuoni wa Kiislamu hukiita faradhi ya kutoshelezana, yaani jukumu ambalo wachache wakilitimiza huwatosheleza wengine, lakini likiachwa na wote, wote hupata dhambi. Mchangiaji hudaiwa ukweli kuhusu mipaka ya kazi yake, majaribio ya kutosha, na jibu anapoulizwa au mrithi anapochoka. Mhakiki hudaiwa jicho lisilopendelea. Hospitali hudaiwa tahadhari. Ndiyo maana kila badiliko la msimbo huhifadhiwa pamoja na jina la mwandishi wake, jambo ambalo kwa juu juu hufanana na ria, yaani kutenda wema ili mtu aonekane, ingawa kazi yake ya msingi ni kuonyesha nani wa kuulizwa.

Leseni, basi, hueleza tu kile ambacho mpokeaji hawezi kukidai mahakamani. Katika maadili, mchango haukamiliki siku unapopokewa, kwa kuwa makosa mengi hujitokeza mahali programu inapotumika, mbele ya watu ambao mwandishi hatawaona kamwe. Karani wa kliniki ya Eldoret anayeripoti kosa, na mwanafunzi anayelirekebisha na kurudisha marekebisho yake kwa nchi nyingine zinazoutumia mfumo huo, hutimiza ile sehemu ya mchango ambayo mtoaji wa kwanza asingeweza kuitimiza peke yake.